Safari ya kisanduku, toka Panda mpaka Kamalondo

Toka Likasi mpaka Lubumbashi ni kilomita karibu 120. Njia ile nimeipita mara mingi: kwa maziko, kwa ndoa, kwa kuuguza mutu ku hospitali. Lakini siku moja ya mvua, mwezi wa pili mwaka 2019, niliipita nimebeba kisanduku cha ordinatere juu ya magoti, nimekifunga na kikwembe kama mutoto mwenye homa. Ndani ya kisanduku kile mulikuwa feza ya wamama 38. Si noti, hapana. Mulikuwa hesabu yake.

Niwaeleze kwanza mambo ya kwetu. Ninakaa Panda, na sisi wamama wa karye tuko na likelemba. Kila mwezi kila mama anatoa sehemu yake. Nusu inapewa mwenzetu aliyefikiwa, nusu inabaki ndani ya kashi kwa ajili ya maziko na masomo ya watoto. Wengine wanakopa ndani ya kashi na kurudisha pole pole. Mimi ni mwandishi. Zamani niliandika yote mu kaye, kwa biki, na kila mama alitia sahihi yake. Kisha tukanunua ordinatere ya okazio, nami nikafurahi kama bibi arusi. Mwaka 2016 kaye ikajaa. Sikununua ingine. Nilisema: masini itakumbuka yote. Kosa lilianzia pale, na lilikuwa langu.

Mwisho wa mwaka 2018 masini ilianza kuwa nzito. Nikiandika jina, herufi zinakuja nyuma kama mutu anayepanda mulima. Ile antivirusi, ambayo mimi naiita zamu, maana kazi yake ni kulinda mulango usiku na mchana, ikawa inajifunga yenyewe. Nikiifungua, inajifunga tena. Nilizani ni uzee wa masini. Halafu siku moja ya alhamisi niliiwasha: jina la kampuni iliyoitengeneza likaonekana, kisha kioo kikawa rangi ya bluu muda wa kufunga na kufumbua macho, kisha ikazimika, ikajiwasha tena, jina, bluu, giza. Jina, bluu, giza. Ilifanya vile mpaka nikachomoa waya ku ukuta.

Mwenye kosa nilimujua palepale. Ni mutoto wa dada yangu, kijana wa miaka kumi na tano, anayependa kuleta filme ndani ya kle yake ya USB na kuzitazama kwangu jumapili. Nilimukaripia mbele ya watu. Yeye alisema tu, “Mama mukubwa, si mie,” akatoka, na jumapili iliyofuata hakuja.

Nilipeleka kisanduku kwa fundi mumoja palepale Likasi. Alibonyeza F8 ili masini iwake kwa ile hali ya kidogo, pasipo mapambo, ambayo mafundi wanaitumia wakitafuta ugonjwa. Bluu tena. Basi akapangusa mikono akasema: “Mama, ni virusi. Tutaformate. Dola makumi mbili, kesho unakamata.” Nikamuuliza: na hesabu zangu? Akasema: “Ile yote itaenda, Mama. Lakini masini itakuwa mupya.”

Masini mupya! Mwezi wa tatu ndio ulikuwa wa kugawa kashi. Na ku kisima maneno yalikuwa yamekwisha anza: mwandishi amekula feza, sasa anasema masini imegonjwa. Sikukasirika sana juu ya wale waliosema. Hata mimi, kama ingekuwa mwandishi mwingine, ningesema vile.

Ndipo jirani mumoja aliniambia habari ya muzee wa Kamalondo, ku Lubumbashi, ambaye hana haraka ya kufuta vitu.

Tuliondoka asubuhi na bisi ndogo. Likasi ukiiacha inakupa mugongo polepole, na vilima vyake na miti yake ya zamani; ukiwa kijana unaona ni muji umechoka, ukizeeka unaona ni muji muzuri. Kisha ni pori la miombo pande zote mbili, na barabara imejaa makamio makubwa yanayobeba shaba na kobalti kwenda Kasumbalesa, ku mupaka wa Zambia. Kamio moja ikisimama, bisi kumi zinasimama. Mu vijiji, magunia ya makala yamesimama kando ya barabara, marefu kuliko watu, na kwa kuwa ulikuwa wakati wa mvua, wamama na watoto walikuwa wanauza uyoga ndani ya mabeseni. Kuna ule wa rangi ya machungwa na ule mweupe wa ku kichuguu, mupana kama sahani. Sikununua. Mikono yangu ilikuwa na kazi.

Ku bariere moja askari aliuliza: “Mama, hii kintu ni ya nani? Faktiri iko wapi?” Nikamwambia ni mugonjwa, tunaenda ku hospitali. Akafunua kikwembe, akaona, akacheka, akatuacha. Nyuma yangu baba mumoja alisema ya kwamba umeme wa radi unaua ordinatere kuliko virusi, ya kwake ilikufa vile. Maneno yale yalikaa ndani ya moyo wangu mpaka Lubumbashi. Ukiona ile chimene ndefu na kilima cheusi cha masazo ya shaba, iliyoanza kuyeyushwa pale mwaka 1911, unajua umefika. Lakini siku ile niliviona kama vitu vya ndoto.

Kamalondo mnaijua, wengi wenu: nyumba za karibu karibu, miziki tangu asubuhi, kila lango na kibanda chake. Kibanda cha muzee kilikuwa kati ya kinyozi na mama anayekaanga mikate. Meza moja, sanduku la bisibisi, batri mbili za motokari chini ya meza, na ukutani disketi za zamani amezitundika kama picha za mababu. Aliniambia alifanya kazi mu biro ya kampuni wakati ordinatere zilikuwa kubwa kama frigo ndogo. Nikamweleza yote mbio mbio, na radi, na virusi, na wamama 38. Akasikiliza, kisha akauliza neno moja tu:

“Umeiwasha mara ngapi tangu iharibike?”

Nikasema, labda mara makumi tatu. Akatikisa kichwa.

“Usiiwashe tena, Mama. Kila mara unaiwasha, unaamsha mwizi mbele ya zamu.”

Sikuelewa. Basi akanielezea, na nitajaribu kuwaelezea vilevile. Ukibonyeza kinobe, kinachoamka kwanza si Windows. Kuna programu ndogo iliyoandikwa ndani ya kipande kimoja cha masini yenyewe, si ku disiki. Ile inahesabu viungo: klaviye iko, kumbukumbu iko, disiki iko. Kisha inaenda ku disiki kutafuta nani wa kuamsha, na yule anaamsha Windows, na Windows inaamsha programu nyingine, pamoja na antivirusi. Zamu anaamka karibu wa mwisho! Kirusi kilichojishikiza ku vitu vinavyoamka mbele yake kinamukuta bado kitandani, kinamufunga kamba. Ndiyo maana huwezi kusafisha nyumba ile ukiwa ndani yake. Lazima uingie toka inje, na taa yako mwenyewe.

“Zamani ilikuwa mbaya zaidi,” akasema, akionyesha disketi za ukutani. Mutu alisahau disketi ndani ya masini jioni, asubuhi anawasha, masini inasoma disketi ile kwanza, na kirusi kilichokaa ku mwanzo wake kinahamia ku disiki. Ni hivi kile kilichoitwa Michelangelo kilienea: kilingoja tarehe 6 ya mwezi wa tatu, siku ya kuzaliwa ya yule fundi wa sanamu wa Italia, kisha kiliharibu disiki. Mwaka 1992 dunia nzima iliogopa siku ile. Na tarehe 26 ya mwezi wa ine, mwaka 1999, kilikuja kingine, CIH, kilichoandikwa na mwanafunzi wa Taiwan. Hiki kilifuta mwanzo wa disiki, na ku masini zingine kilifuta hata ile programu ndogo ya kuamsha, masini ikabaki kama jiwe. Kwa sababu ya tarehe ile watu walikiita Chernobyl, jina ambalo sisi wa karibu na Shinkolobwe hatulisikii kama watu wengine.

Lakini hakuanza na virusi. Alifungua kisanduku, akapuliza vumbi, na vumbi la kwetu Panda mnalijua. Akatoa kipande cha kumbukumbu, akasugua meno yake kwa gome ya mwanafunzi, akakirudisha. Akatazama kama kuna mahali pameungua, akanusa. Akasema masini nyingi anazoletewa kwa jina la virusi, ni umeme unaopanda na kushuka ndio uliziharibu, ao disiki imezeeka. Na mutu amekwisha kulipa kwa kuformate bure. Akaweka sikio karibu na disiki kama dokta. Haikugonga. “Iko muzima,” akasema. Yule baba wa bisi, pamoja na radi yake, nikamutoa rohoni.

Kisha akakamata kle yake mwenyewe. Ndani yake mulikuwa Linux, ule mufumo usiolipiwa feza ambao ulianzishwa mwaka 1991 na mwanafunzi wa Finlandi, Linus Torvalds. Kle ile aliitengeneza ku masini ingine, iliyo safi, na hilo ni sharti: kle ya kuponya haitengenezwi ku mugonjwa. Akaichomeka, akabonyeza F12, akachagua kuwasha toka ku kle. Kirusi cha Windows kikikaa ku disiki, na Windows haikuamshwa, kinabaki kimelala. Hakuna wa kukiita.

Kioo kikawaka. Hapakuwa bluu. Picha ya kawaida, na vidirisha. Masini yangu ilikuwa inapumua, ila kwa pafu la kukopa. Muzee akafungua disiki yangu toka inje, akauliza kazi yangu iliandikwa wapi, na pale, wapenzi wasomaji, niliona jina: LIKELEMBA 2016, LIKELEMBA 2017, LIKELEMBA 2018. Machozi yalinitoka. Yule mama wa mikate akaleta kiti.

Nilisema: sasa safisha, Muzee! Akakataa. “Bado. Kwanza tunatosha watoto ndani ya nyumba, kisha tunazima moto.” Akaunga disiki ingine, ya inje, akakopi hesabu, barua, na picha. Programu hakukopi hata moja, kwa sababu kirusi chenyewe kinakaa ndani ya programu. Akafungua hesabu moja ku masini yake aone kama inasomeka kweli, si jina tu. Jina la mama wa kwanza, tarehe, feza, deni. Yote ilikuwa pale. Ni nyuma ya hiyo tu alianza kufua.

Kufua kulichukua muda mrefu kuliko nilivyozani. Ku kle mulikuwa antivirusi yenye orodha ya virusi aliyoiongeza asubuhi ile, kwa megabaiti za kununua, maana zamu asiye na picha za wezi wapya anawafungulia mulango. Ilipita fishye moja moja. Karibu saa tisa umeme ukakatika, karye nzima ikapiga kelele, lakini batri za chini ya meza zikashika. Tulikula bukari na sombe. Mvua ilikuja, ikaenda. Jioni nikaenda kulala kwa ndugu yangu Katuba, kisanduku kikabaki. Nilimuacha muzee kama unavyoacha mutu ku hospitali, kwa kugeuka nyuma mara tatu.

Asubuhi alikuwa na jina la ugonjwa: Sality. Ni kirusi cha kale, kinajulikana tangu mwaka 2003, na hakijatoka duniani. Kinajigandamisha ku programu moja nyuma ya ingine, kinafunga antivirusi, na kinafuta ndani ya Windows yale masharti ya kuwaka kwa hali ya kidogo. Kumbe ndiyo sababu F8 ya fundi wa Likasi haikufanya kitu. Yule hakukosa kwa kusema ni virusi. Alikosa kwa haraka.

Mamia ya programu zilikuwa zimeguswa. Nyingi ziliponywa, zingine zilikuwa zimeharibika kabisa, akazifuta. Kati ya zile za Windows yenyewe mulikuwa zilizovunjika, na ni hizo zilileta ile bluu. Muzee akatia disiki ya kusimikia Windows, akaiamuru ichunguze fishye za ile iliyomo na kurudisha nzima mahali pa zilizovunjika. Akarudisha pia yale masharti yaliyofutwa. Akachomoa kle. “Sasa, Mama, bonyeza weye.”

Nikabonyeza. Jina la kampuni. Giza kidogo. Moyo ukasimama. Kisha ile sauti ndogo ya Windows 7, na picha ya watoto wangu.

Akaniambia wazi ya kwamba kuformate si zambi. Masini iliyoguswa sana vile, kama mutu ana nafasi, ni vizuri kuisimikia upya yote, mara vitu vyake viko salama inje. Yeye mwenyewe angependa niirudishe siku ingine kwa kazi ile, na nilifanya hivyo nyuma ya kugawa kashi. Windows 7 ilikuwa inazeeka vilevile. Watengenezaji wake waliacha kuitengenezea dawa mwezi wa kwanza mwaka 2020. Na akaniambia kuna virusi vingine ambavyo kufua hakurudishi kitu: vile vinavyofunga fishye kwa kufuli na kuomba feza, kama kile cha mwezi wa tano mwaka 2017 kilichoitwa WannaCry. Pale unaweza kuua kirusi, na kufuli kunabaki. Mwenye kopi inje anapona, asiye nayo analia.

Nilitaka kulipa na kukimbia ku bisi. Akanishika mukono.

“Na mulango? Mwizi aliingia wapi?”

Nikasema najua, ni mutoto wa dada yangu na filme zake. Akauliza kama niko na kle yangu mwenyewe. Ndiyo, niko nayo, inafungwa pamoja na funguo za nyumba. Kila mwisho wa mwezi naenda nayo ku nyumba ya fotokopi kutoa karatasi za mukutano. “Leta.” Akaitia ndani ya masini yake ya Linux, ambayo haiogopi. Akanionyesha fishye mbili zilizojificha, ambazo mimi sikuziandika kamwe: moja programu yenye jina la ovyo, na ingine ndogo ya kuiamsha mara kle inapochomekwa. Tarehe yake ilikuwa ya siku moja ya mwezi wa kumi na moja. Niliikumbuka siku ile. Nilikuwa ku fotokopi, mvua ilikuwa kubwa, masini ya pale ilikuwa inatumika na watu kumi na kle kumi, na mimi nilikuwa wa kumi na moja.

Na kle ya mutoto? Nilikuwa nayo ndani ya mukoba. Nilimunyang'anya siku ile ya makelele. Muzee akaipima. Filme sita, nyimbo, picha ya mupira. Hakuna kirusi.

Sikusema kitu. Muzee naye hakusema. Alisafisha kle yangu, akaondoa ku masini ile tabia ya kuamsha vitu yenyewe mara kle inapoingia, akanipa hesabu zetu ndani ya kle ya pili, mupya, ambayo haitaenda ku fotokopi hata siku moja. Nilimulipa dola kumi na tano. Ku soko nilinunua kaye mbili kubwa za mistari.

Mu bisi ya kurudi sikuona pori wala makamio. Ku kijiji kimoja tulisimama, na safari hii nilinunua beseni la uyoga, ule mweupe, maana mutoto yule anaupenda. Tulifika Likasi jua likishuka. Kisanduku nilikipeleka ku nyumba, nikakifunika. Kisha nilikamata kle yake ndogo ya filme, na uyoga, nikaenda kwa dada yangu, nikamukuta kijana ameketi ku mulango. Alisimama kunipokea muzigo, kama alivyofundishwa. Nikamwambia: “Mwanangu, ilikuwa mie.”